Kompyuta Iliyofia Mikononi Mwangu

(Haya ni maneno aliyoyasema mmoja wa wanafunzi wa zamani mbele ya mkutano wetu wa mwaka, bwaloni, baada ya chakula cha mchana. Tumeyachapa kama alivyoyasema.)



Nilipoandikiwa barua kwamba nizungumze leo, nilidhani Katibu amekosea jina. Wenzangu wa darasa letu lililomaliza hapa mwaka 1980 wamo wakurugenzi, wamo madaktari, na yumo askofu mmoja. Mimi ni fundi. Nimekuwa fundi tangu nilipotoka katika lango lile, kwanza wa redio, baadaye wa mashine za ofisi, na hatimaye wa kompyuta. Nikamwuliza Katibu, nitawaambia nini watu hawa? Akanijibu, waambie jambo moja ulilolifanya kwa mikono yako. Basi nimeamua kuwaambia jambo nililoliharibu kwa mikono yangu, maana nimejifunza zaidi kwa hilo kuliko kwa mengi niliyoyatengeneza.

Vijana hapana budi waelewe kwanza kwamba sisi tulipokuwa hapa hatukuwa tumeiona kompyuta hata kwa picha. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yaliendelea muda wote tuliokuwa shuleni. Elimu yetu ya umeme ilikuwa betri, waya, balbu, na kile kipimo kimoja cha maabara kilichofungiwa kabatini kama dhahabu. Aliyekuwa na ufunguo wa kabati hilo mnamkumbuka wote, Mzee wa Maabara. Hakuwa mwalimu, wala hakupata kusimama mbele ya darasa. Lakini hakuna mtu aliyechukua hata kizibo cha chupa katika stoo yake bila kuandika jina lake katika daftari. Tulimcheka sana. Mtaona baadaye kwa nini namtaja.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Ilikuwa mwaka 2003. Nilikuwa fundi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, katika mji mmoja wa mkoani ambao sitautaja. Tulikuwa wafanyakazi tisa. Tulichapa kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda, na kila mwaka kazi kubwa iliyotulisha miezi mitatu ilikuwa kuchapa mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ya shule za kwetu.

Mitihani ile ilipigwa chapa kwenye kompyuta yoyote, lakini kabla ya kwenda kwenye mtambo ilipitia kwenye mashine moja inayotoa filamu. Kwenye filamu ndipo tulipopata sahani, na kwenye sahani ndipo tulipopata karatasi. Mashine ile ya filamu iliendeshwa na kompyuta moja tu ya zamani, ya mwaka 1997, na haikukubali nyingine. Sababu ni kwamba iliunganishwa kwa kadi ya mtindo wa zamani uitwao ISA, inayochomekwa katika nafasi ndefu nyeusi. Ilipofika 2003, kompyuta mpya zilizokuwa madukani hazikuwa tena na nafasi hiyo. Kwa hiyo kompyuta ile kuukuu, iliyokuwa imekwisha kugeuka rangi ikawa ya manjano, ndiyo iliyoshika unga wa watu tisa.

Wiki moja kabla ya kazi ya mitihani, diski yake ngumu ikaanza kugonga. Kila fundi anaujua mlio ule: tak, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Nikahamisha kila kilichokuwamo kwenye kompyuta ya ofisi, nikaenda dukani kununua diski nyingine. Ndogo hazikuwapo tena. Iliyokuwapo ilikuwa ya gigabaiti 40. Nikaifunga, nikawasha, na kompyuta ikagoma. Ilihesabu kumbukumbu yake vizuri, ikafika mahali pa kuitambua diski, ikasimama hapo hapo.

Nililijua tatizo hilo. BIOS za aina ile zilizoandikwa kabla ya mwaka 1999 nyingi zilikuwa na kasoro ya hesabu: diski ikizidi gigabaiti 32 hivi, zinashindwa kuihesabu na kukwama. Dawa iliyojulikana ilikuwa kuandika BIOS mpya. Nami nikaenda kwenye mkahawa wa intaneti, nikalipata faili la mtengenezaji wa mazabodi ile, nikalitia katika disketi, nikarudi nikijisikia daktari bingwa.

Hapa yafaa nisimame kidogo niwaeleze vijana BIOS ni kitu gani.

Kompyuta inapowashwa, prosesa yake haijui kitu. Haijui kama kuna kioo, haijui kama kuna diski, wala kumbukumbu yake haina neno hata moja ndani. Inajua jambo moja tu, nalo limechongwa ndani yake kiwandani: nenda mahali fulani, ukasome amri ya kwanza. Kwa prosesa za jamii ile mahali hapo ni baiti 16 tu kabla ya mwisho wa gigabaiti 4 za kwanza. Na hapo mahali imewekwa chipu moja ndogo iliyobandikwa kwenye mazabodi, yenye maandishi yasiyofutika umeme ukizimwa. Maandishi hayo ndiyo BIOS. Ndiyo inayoiamsha kompyuta, inaiambia hii ni mikono yako, haya ni macho yako, na diski yako ile pale, nenda ukaendelee. Katika kompyuta ya kwanza ya IBM ya mwaka 1981, BIOS ilikuwa kilobaiti 8 tu. Katika hiyo yangu ilikuwa kilobaiti 128.

Zamani chipu hizo ziliandikwa mara moja tu, au zilikuwa na kidirisha cha kioo juu, nawe ukitaka kuzifuta unaziweka chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno. Baadaye ikaja flashi, aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba huko Japani katika miaka ya 1980. Hiyo hufutwa na kuandikwa kwa umeme hapo hapo ilipo. Ni neema kubwa, lakini ina hatari yake. Maana programu ya kuandika hufuta kwanza ya zamani, kisha ndipo huandika mpya. Kati ya kufuta na kumaliza kuandika, ambapo ni muda usiofika dakika moja, kompyuta yako haina akili. Imesimama kwa kumbukumbu ya mpito tu, na umeme ukizimika katika muda huo, ukirudi hautamkuta mtu.

Ulimwengu uliligundua jambo hili kwa uchungu tarehe 26 Aprili 1999. Siku hiyo kirusi kiitwacho CIH, kilichotungwa na kijana mmoja wa Taiwan, kiliamka katika kompyuta nyingi, hasa za Asia, kikafuta diski zake, na katika zile kilizoziweza kikaandika takataka juu ya BIOS. Watu walibonyeza swichi asubuhi na hakuna kilichoitika.

Basi mimi yote hayo niliyajua. Niliyajua kama ninavyowaeleza sasa. Na bado Alhamisi ile saa kumi jioni niliketi mbele ya mashine, nikaingiza disketi, na programu ikaniuliza: Je, tuihifadhi kwanza BIOS ya zamani? Nikabonyeza hapana. Nilikuwa na haraka. Betri ya akiba haikuwapo, na nilisema moyoni, ni nusu dakika tu, umeme hauwezi kunifanyia hivyo.

Umeme ulinifanyia hivyo. Nilikuwa naiangalia ile mistari ikijaa kwenye kioo, imefika kama theluthi, na taa zote za jengo zikazimika. Kimya. Nikasikia mtambo kule ndani ukizunguka polepole mpaka ukasimama, na mtu mmoja akisema kwa kuchoka, "Haya, umekwenda tena."

Umeme ulirudi baada ya robo saa. Nikabonyeza swichi. Feni ilizunguka. Kioo kilikuwa cheusi. Nikazima, nikawasha. Cheusi. Nikang'oa betri ndogo ya mviringo, ile ya volti 3, nikangoja, nikairudisha. Cheusi. Ndugu zangu, nimewahi kuzika watu, na sitaki kulinganisha. Lakini najua jinsi miguu inavyokuwa baridi.

Meneja alipita akaniuliza, "Vipi, fundi, inakubali?"

Nikamjibu, "Bado naijaribu diski, mzee. Itakuwa tayari."

Huo ulikuwa uongo. Nauweka hapa mezani leo mbele yenu maana ndio kiini cha hotuba yangu. Mashine ilikufa kwa haraka yangu, na hiyo ni ajali ya kazi. Uongo haukuwa ajali. Usiku ule na siku ya Ijumaa nzima watu wanane waliendelea kupanga karatasi na kuchanganya wino kwa ajili ya kazi ambayo mimi peke yangu nilijua haiwezekani.

Ijumaa asubuhi nilirudi kwenye mkahawa wa intaneti, nikatafuta. Nikajifunza neno ambalo sikuwa nimelizingatia. Waliotunga BIOS za aina ile hawakuwa wajinga. Waliitenga sehemu ndogo sana ya chipu, katika nyingi za miaka ile kilobaiti 8 au 16, ambayo programu ya kuandika kwa kawaida haiigusi. Sehemu hiyo haijui mambo mengi. Kazi yake ni kujumlisha namba zote za BIOS kuona kama hesabu inakubali. Ikikubali, inaikabidhi kazi. Ikikataa, sehemu hiyo haijifanyi inajua. Inafanya jambo moja: inaitafuta disketi katika draivu. Ikiikuta disketi yenye programu ya kuandika pamoja na faili zima la BIOS, inaiacha ifanye kazi, na kompyuta inafufuka.

Nikakumbuka kitu. Usiku wa jana yake, katika fadhaa yangu, nilikuwa nimeona taa ndogo ya kijani ya draivu ya disketi ikiwaka na kuzimika, ikiwaka na kuzimika. Nilidhani ni dalili ya kifo. Kumbe mgonjwa alikuwa anaomba maji.

Nikatengeneza disketi kwenye kompyuta ya ofisi: mafaili ya kuamshia mashine, programu ya kuandika, faili la BIOS, na amri ya mstari mmoja ili kazi ianze yenyewe bila kuuliza mtu. Nikaiingiza. Taa ikawaka, draivu ikakwaruza kidogo, kisha kimya. Nikangoja dakika kumi. Kioo cheusi. Nikajaribu disketi ya pili, ya tatu. Kila mara ilikwaruza, kisha kimya. Mpaka saa sita za usiku nilikuwa naitibu mashine gizani, bila kujua inaumwa wapi.

Kwa nini kioo kilikuwa cheusi? Hilo nalo lilikuwa limeelezwa. Ile sehemu ndogo ni ndogo mno, haikuachiwa nafasi ya kuzijua kadi za picha za kisasa. Inaijua kadi ya picha ya ule mtindo wa zamani tu, ISA. Ukiipa kadi hiyo, itasema. Usipoipa, inafanya kazi yake bubu. Nami katika mji wote ule nilitafuta kadi ya picha ya ISA, sikuipata. Mafundi wenzangu walicheka, wakasema vitu hivyo tulitupa zamani.

Njia nyingine ilikuwapo, ambayo mafundi wengi wameitumia. Unaitafuta kompyuta nyingine inayotumia chipu kama ile, unaiwasha, na ikiwa imekwisha kuamka unaing'oa chipu yake ingali hai, maana kwa wakati huo inaishi kwa nakala iliyo katika kumbukumbu. Kisha unachomeka iliyokufa na kuiandika. Inafanya kazi. Lakini yataka mkono usiotetemeka, na yataka chipu za volti moja, maana nyingine huandikwa kwa volti 5 na nyingine zilihitaji 12. Mimi kompyuta ya namna hiyo sikuwa nayo, na mkono wangu siku ile ulitetemeka.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa meneja, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba niliiua Alhamisi, kwamba nilimdanganya, na kwamba sina hakika. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungeniambia Alhamisi, ningeomba muda kwa wenye mitihani kungali mapema. Sasa unataka nini?"

Nikasema, "Nataka nauli ya basi, na siku moja."

Maana katika usiku ule nilikuwa nimekumbuka kwamba mwaka mmoja nyuma, katika mkutano kama huu, nilipita nyuma ya maabara nikaona kompyuta kuukuu imelazwa chini ya meza, moja ya zile zilizoletwa shuleni kama msaada. Nilikuwa nimecheka na wenzangu, nikasema, Mzee huyu hata maiti hazitupi.

Nilifika hapa saa nane mchana. Mzee wa Maabara alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Nikamwamkia, shikamoo, akaitika, marahaba, akanitazama usoni, akanitaja kwa jina na namba yangu ya bweni. Nikamweleza shida yangu. Hakuuliza mengi. Alichukua funguo, tukaingia stoo, akaivuta ile kompyuta, akaifuta vumbi kwa kanzu yake ya kazi, tukaifungua. Kadi ya picha ilikuwamo, ndefu, ya ISA, safi kabisa.

Nikanyosha mkono kuichukua. Mzee akasema, "Ngoja." Akatoa daftari. Siyo lile la miaka hiyo, nikadhani. Lakini alilitoa na la zamani pia, lililoshonwa upya kwa uzi wa katani, akafungua ukurasa bila kutafuta sana. Akaweka kidole. Palikuwa na jina langu, kwa mwandiko wangu wa kitoto, tarehe ya mwaka 1980: bisibisi moja ya kupimia umeme. Mahali pa kurudisha palikuwa patupu.

Akasema, "Hii ilikuwa moja kati ya mbili. Vijana wa nyuma yako walipimia umeme kwa zamu kwa miaka sita."

Sikuwa na jibu. Niliikumbuka bisibisi ile vizuri. Nilianzia ufundi kwayo, ndiyo iliyonipatia shilingi zangu za kwanza, kisha ikapotea katika kuhama nyumba. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyeikosa.

Nilitegemea ataninyima kadi. Nisingemlaumu. Aliandika jina langu katika daftari jipya, kadi moja ya picha, akanisogezea niweke sahihi. Akasema, "Hii unairudisha." Basi. Hakuongeza neno.

Nilifika kiwandani Jumapili saa nne asubuhi. Nikaichomeka ile kadi, nikaunganisha kioo, nikawasha. Na kioo kikaandika. Maneno ya rangi ya kijivu, mistari miwili mitatu tu: hesabu ya BIOS haikubali, natafuta disketi katika draivu A. Meneja aliyekuwa amesimama nyuma yangu akaniuliza, "Imepona?" Nikamwambia, "Haijapona, mzee. Lakini imesema."

Na iliposema, ugonjwa ukajulikana kwa dakika mbili. Nikaingiza disketi, ikakwaruza, na kioo kikaandika kwamba imeshindwa kusoma. Kumbe zile disketi tatu zote zilikuwa nzima. Draivu ndiyo iliyochoka. Kichwa chake cha kusomea kilikuwa kimehama kidogo kwa miaka mingi, kikasoma mwanzo wa disketi na kushindwa mbele. Usiku mzima wa Ijumaa nilikuwa nabadilisha dawa, na kumbe mgonjwa hawezi kumeza. Nikafungua kompyuta ya ofisi, nikatoa draivu yake, nikaifunga katika ile mgonjwa.

Safari hii sikubonyeza kitu. Nilikwenda kwa jirani mwenye duka la kupiga picha, nikaazima betri yake ya akiba, nikaiacha ijae kwa saa mbili. Nikaziunganisha kompyuta na kioo humo. Nikachomoa waya wa betri ukutani kwa makusudi, nione kama mashine itabaki hai. Ikabaki. Nikarudisha. Ndipo nikaingiza disketi.

Ilichukua muda mfupi kuliko kuvuta sigara. Mistari ikajaa mpaka mwisho, ikahakiki, ikasema imemaliza. Nikazima. Nikatoa disketi. Nikawasha. Ikalia mlio mmoja mfupi, ikahesabu kumbukumbu, na ikaitaja diski ya gigabaiti 40 kwa jina lake kamili. Nilikaa chini sakafuni.

Usiku ule hatukulala. Filamu ya kwanza ilitoka saa nane za usiku, ya mwisho kukicha. Mitihani ilifika shuleni kwa siku yake. Sikufukuzwa kazi, lakini nilikatwa nauli ile, na ilistahili.

Lakini sijamaliza kuwaambia lililoniaibisha kuliko yote. Nilipokuwa nafunga skrubu za diski mpya Jumapili ile, kwa mara ya kwanza niliisoma karatasi iliyobandikwa juu yake. Palikuwa na mchoro mdogo wa jampa, kile kipande kidogo cha kuunganisha pini mbili. Ukikiweka mahali fulani, diski inajitambulisha kuwa ya gigabaiti 32, na kompyuta za zamani zinaikubali bila taabu. Yaani kazi yote ile ya BIOS haikuwa na haja. Dawa ilikuwa imechapwa juu ya kitu nilichokuwa nimekishika mkononi tangu Jumatano, na mimi ni mtu wa kiwanda cha uchapaji.

Kwa vijana wanaopenda kazi hizi, nina machache ya kuwaachia. Mazabodi za siku hizi zina chipu ndogo ya miguu minane, na mashine ya kuiandikia kwa kibanio ni ya bei ndogo, kila fundi aweza kuwa nayo. Nyingine zina BIOS mbili, moja ikifa ya pili inashika. Hata simu zenu, nyingi hutunza nakala mbili za mfumo, huandika ile isiyotumika na kuiacha nzima ile inayotumika. Watu wamejifunza. Lakini kanuni ni zile zile. Usiguse BIOS kama hakuna lazima. Soma kwanza kilichobandikwa. Hifadhi ya zamani kabla ya kuandika mpya. Hakikisha umeme. Na mashine ikinyamaza, usianze kuitibu. Itafutie kwanza njia ya kusema.

Na kwa wote, wakubwa na wadogo. Nimefikiri mara nyingi juu ya ile sehemu ndogo ya chipu isiyofutika. Ile iliyobaki baada ya mimi kuharibu kila kitu haikuwa na akili nyingi. Haikujua rangi, haikujua diski, haikujua kazi ya filamu. Ilijua kuhesabu kama mambo yako sawa, na yalipokuwa si sawa ilijua kuomba msaada. Mimi mwenye akili zangu zote nilikaa siku mbili bila kuyafanya mawili hayo. Ninaamini shule hii ilijaribu kuyaandika ndani yetu, na aliyeyaandika zaidi kwangu ni mtu ambaye hakuwa na ubao wala chaki, alikuwa na daftari.

Kadi ile niliirudisha wiki iliyofuata, na Mzee akaifuta daftarini mbele yangu. Bisibisi nilimwahidi. Niliahidi mwaka ule, na mwaka uliofuata, na kila mara nilikuja mikono mitupu, ama nimesahau, ama nimekosa nafasi. Mzee alistaafu akarudi kijijini kwake, na baadaye akatangulia mbele ya haki. Sikuwahi kumpa mkononi.

Mkuu wa Shule, kwa ruhusa yako. Hapa nina bisibisi mbili za kupimia umeme. Siyo zile, zile hazipatikani tena. Moja ni deni, na moja ni ya ile miaka sita. Namwomba fundi wa maabara wa sasa azipokee, na kama lile daftari la uzi wa katani lingalipo, naomba baada ya mkutano huu anioneshe ukurasa ule, niandike tarehe ya leo mahali palipobaki patupu.